Miguu Yangu Juu ya Meza ya Mwalimu

Muhula huu mjukuu wangu wa gredi ya nne anasoma funza. Si mzaha. Alifika nyumbani jioni moja, akatupa begi kwenye kiti, na hata kabla ya kunywa chai akaniambia, "Susu, mwalimu amesema tuulize watu wazima nyumbani, zamani mlikuwa mnatoa funza namna gani? Ijumaa kila mtu anasimama anaeleza." Susu ni nyanya, kwa sisi Wakamba. Nilikuwa nachagua maharagwe ya kupeleka soko la Kikima. Nikainamia ungo wangu, nikamwambia, "Mimi mambo ya funza siyajui. Enda uulize jirani."

Naona unanishangaa. Mwanamke wa umri huu, mzaliwa wa milima hii ya Mbooni, eti hajui funza. Ngoja nikueleze wewe, kwa sababu hutanicheka, na ukicheka sitakusikia.

Nililelewa na susu wangu. Mama alikufa mapema, na baba, sitamficha, alikunywa ng'ombe wetu mmoja mmoja mpaka zizi likaota nyasi. Nyumba ya susu ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Mbuzi walilala humo humo na sisi kwa kuogopa fisi, na vumbi la sakafu lilikuwa laini kama unga, lenye joto, na funza tele. Nikikumbuka ile nyumba, moshi wake, mkojo wa mbuzi, muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ukitokota kwenye chungu tangu asubuhi, natamani kurudi. Halafu nakumbuka miguu yangu, natamani ninyamaze.

Jumapili tukitoka kanisani, susu aliketi mlangoni penye mwanga, akanyoosha miguu, akasema, "Lete." Hakusema lete nini. Nilikaa chini nikaweka mguu mapajani mwake, juu ya leso iliyonuka ugoro. Alichomoa mwiba wa mgunga aliouweka kwenye nyasi za paa, akaanza kuzungusha polepole, akiongea na funza, si na mimi. "Toka, wewe mgeni. Umekula, umelala, sasa toka na mizigo yako." Akimtoa mzima na mfuko wake wa mayai, alimtupa motoni, naye funza akalia ta! kama mahindi ya kukaanga. Nilicheka kila mara. Kisha tone la mafuta ya taa kwenye kila shimo. Mara nyingi usingizi ulinichukua kabla ya mguu wa pili, naye akamwita jirani aje aone. "Muone, amelala. Mkono wangu bado ni mzuri."

Shule niliipenda pia, usidhani. Ijumaa wasichana tulisiriba madarasa kwa mavi ya ng'ombe na majivu ili vumbi litulie, tunaimba, mikono kijani mpaka kwenye viwiko.

Sasa mwalimu wetu wa darasa la tatu. Mtu wa suruali yenye mkunjo kama kisu. Siku hiyo somo lilikuwa wadudu wanaosumbua mwili. Alichora mbu ubaoni, akachora chawa, akachora kupe. Alipofika kwa funza akaweka chaki chini. "Huyu nimchore wa nini na tuko naye hapa mzima?" Akaniita mbele, akaniambia nipande juu ya meza yake. "Panua vidole." Akaonyesha kwa fimbo: hapa ndipo alipoingia, hapa ndipo alipoweka mayai. Darasa zima likapanga mstari lipite kuangalia, kisha kila mtu arudi kwa dawati achore.

Kiranja wetu, binti wa mwenye duka, alifika akashika pua. "Mwalimu, inanuka mbuzi!"

"Basi chora na mbuzi," mwalimu akamjibu.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilibaki huko juu mpaka wa mwisho amalize kuchora.

Nilipofika nyumbani susu alikuwa ameshasikia kutoka kwa watoto wa njiani. Lakini alisikia kwa masikio yake. Kwake yeye, anayekupandisha mezani akakuangalia ni daktari. "Ni kweli mwalimu amekuweka kwa meza yake? Yeye mwenyewe? Akakuangalia kidole kwa kidole?"

"Ndiyo, susu."

"Mungu ambariki. Watu wa kuangalia miguu ya mtoto wa mwingine wamekwisha."

Asubuhi akakamata kuku wetu mwekundu, yule wa kutaga, akamfunga miguu, akanifuata mpaka shuleni. Akasimama mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, nimekuja kushukuru kwa kumwona mtoto wangu. Sisi hatuna daktari."

Darasa likalipuka. Susu naye akacheka pamoja nao, akidhani wamefurahi. Na mwalimu, hapa ndipo nataka umjue vizuri, alimpokea kuku. Alimpokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mama," halafu akatukonyeza sisi. Jumamosi akamla. Waliotumwa kumchotea maji walisimulia kijiji kizima mpaka harufu ya mchuzi.

Mimi niliangalia chini, nikaona miguu ya susu pale mlangoni. Nyufa tupu, kucha hakuna, mibaya kuliko yangu. Yeye hakuwa na mapaja ya mtu wa kuwekea mguu wake. Badala ya kumhurumia niliona haya kwamba ni wangu.

Sikurudi darasa la tatu. Susu alibembeleza, akagomba, akachoka. Mpaka karibu kufa alikuwa bado ananiuliza, "Kwani mwalimu mzuri vile alikukosea nini?" Kusoma nilikuja kusomea kanisani, darasa la watu wazima, nikiwa mke wa mtu. Mwalimu alipozikwa walisema alilea kizazi kizima. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele wa matanga, nimevaa viatu vya kufunika. Sandali sijawahi kuvaa maishani, hata jua liwe kali vipi.

Basi mjukuu akarudi kutoka kwa jirani. "Amesema nikuulize wewe. Eti susu yako ndiye alikuwa anatoa funza kijiji kizima." Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia habari ya mlango, mwiba na moto. Ya meza sikumwambia. Ijumaa nilikaa sokoni nikiwapimia watu maharagwe vibaya, kwa hofu kwamba huko shuleni mtoto anachekwa kwa ajili ya ukoo wake.

Alirudi anarukaruka.

"Walikucheka?"

"Wacheke nini? Nilikaa chini, nikamwambia rafiki yangu, lete. Nikamtoa funza wa uongo kwa kijiti. Susu, wote walitaka zamu! Hata mwalimu akavua kiatu."

Siku hizi sakafu yetu ni simiti, mbuzi wana banda lao, na funza sijamwona miaka mingi. Sitaki arudi. Lakini niliketi pale nikimtazama yule mtoto, nikajua kwamba wanangu wamekua, wameoa, wameolewa, na hakuna hata mmoja niliyemwambia kuhusu yule mwanamke wa mlangoni. Nilimfungia ndani ya viatu pamoja na miguu yangu.

"Mwalimu anataka tuandike jina lake," mjukuu akasema, kalamu mkononi. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Majirani walimwita kwa jina la baba yangu, mama wa fulani. Mimi nilimwita susu. Nilitafuta, nikatafuta, mtoto ananingoja, na jina lake mwenyewe sikuwa nalo. Sikuwahi kumuuliza.