Gari la Evode lenye Viti Viwili

Evode wa Kibabi alikuwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoshusha magunia milimani Masisi, mashariki mwa Kongo. Hakuwa na mita; kila kitu alikipima kwa shibiri. Siku moja alifungiwa sabuni kwa ukurasa wa gazeti wenye picha ya gari la mbio la matajiri, linalotumia petroli na umeme, na kila breki ikishika, betri inajaa. Evode akacheka peke yake. Miaka mingapi ameona mpira wa breki ya chukudu ukitoa moshi mteremkoni, nguvu zote hizo zikipotea bure! Akaanza kuchora gari lake daftarini, na kwa kuwa aliijua barabara ya kwao, akaliinua shibiri mbili kutoka ardhini. Waliomcheka hawakumnyima usingizi.

Mwaka 2012, vita vikiwa vimepamba moto, alifuatana na Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo, kwenda Ntoto kutafuta mbao ngumu. Asubuhi kweupe watu wenye bunduki wakawasimamisha. Mmoja akafungua daftari la Evode, akaona mishale na namba.

"Hii iko karte ya position yetu! Muko ma-espion!"

Evode na Kataliko wakapigishwa magoti kama wapelelezi.

"Iko motokari, Komanda," Evode akasema. "Ni miye niliichora."

Komanda wao akachukua daftari. "Kama ni wewe, ichore tena hapa chini, ukubwa yake yote. Ikiachana na hii, haurudi kwenu."

Evode akashika kijiti. Mkono wake ndio uliokuwa mita yake. Akatandaza vidole juu ya udongo: urefu shibiri kumi na nane, upana nane. Komanda alifuata namba daftarini, moja moja, kidole cha mlinzi wake kikiwa kwenye bunduki. Zote zikalingana. Ndipo Komanda akaingia ndani ya mchoro, akaketi chini, mahali pa dereva.

"Viti mbili tu?"

"Ya mbio njo inakuwa vile, Komanda. Ya mwenyewe na bibi yake."

"Na vita ikifika kwenu, mama yako utamupandisha wapi?"

Mwaka uliotangulia Evode alikuwa amekimbia vita akimsukuma mama yake, Nyiransabimana, juu ya chukudu, katikati ya magunia. Miezi yote ya kuchora hakumkumbuka hata mara moja.

Wakaachiwa, daftari likabaki. "Mwenye bunduki ndiye wa kunifundisha habari ya mama!" Evode alinung'unika njia nzima, na hasira hiyo ilikuwa ya aibu.

Alimkuta mama yake akichambua maharagwe. Akaweka mkono mgongoni mwake, shibiri ya kwanza, ya pili. Mama akakauka. Kwao, fundi wa mbao humpima mtu siku moja tu, akishakufa.

"Mutoto yangu," akasema polepole, "unanipimia sanduku?"

"Hapana, Mama. Kiti cha motokari. Cha kukimbilia."

Mama akashusha pumzi, akarudia maharagwe yake.

"Basi ongeza kidogo," akasema. "Nitakuwa na kuku."