Kanisa Zima Liliombea Mche Wangu

Wasomaji, niambieni kama nitaweza kurudi kanisani. Nafanya usafi katika fleti ya kijana mmoja huko Randburg. Aliposafiri aliniachia miche mitatu ndani ya kabati, chini ya taa kali. "Ikifa, kazi huna," akasema.

Nilipoona yale majani yenye vidole, nikajua ni muhogo. Kwa woga nikaimwagilia asubuhi na jioni. Miwili ikaoza, wa tatu ukawa manjano. Sikuelewa kosa langu. Jumapili nikaubeba hadi kanisani kwetu Troyeville, ambako sisi Warundi tunapeleka shida zetu mbele.

Mchungaji akaweka mkono juu ya majani. "Bwana, ponya muhogo huu, kijana wetu asipoteze kazi." Watu wote wakaitikia amina.

Mama Neema, anayetuuzia sombe, yaani majani ya muhogo, akaja kuugusa udongo. "Mwanangu, umeuzamisha. Acha udongo ukauke, utapona." Kisha akasugua jani, akanusa vidole, akanitazama.

"Muhogo huu umeutoa wapi?"

"Kabatini kwa bosi, mama."

Akamgeukia mchungaji. "Baba, toa mkono. Hii ni bangi."