Atupele aliyerudi Masukulu kumuuguza baba, banda la Japani likafungwa

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Masukulu, wilayani Rungwe, na Atupele Mwakalobo tayari amefungua mlango wa kituo cha kukusanyia maziwa. Amevaa koti la mvua na gambuti. Wafugaji wamepanga madumu yao ukutani, kila mmoja anasubiri zamu.

Anachota maziwa kidogo, anayanusa, anatumbukiza kipimo cha kioo na kukitazama kinavyoelea. Anaitikia kwa kichwa, dumu linapokelewa. Likija la mama Elina, anakitazama kipimo mara mbili.

"Haya yana maji, mama," anasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mvua hiyo, mwanangu. Imeingia kwenye ndoo."

"Basi kesho uifunike. Leo siwezi kuyapokea, unisamehe."

Mama Elina anacheka kwa aibu na kulifunika dumu lake. "Huyu Mjapani wetu hana mchezo kabisa," anawaambia wenzake.

Mjapani ndilo jina la Atupele kuanzia hapa hadi sokoni Tukuyu. Ana miaka 28. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akikamua ng'ombe katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mpaka alipokuja nyumbani kwa likizo ya dharura. Hakurudi tena.

"Wakiniita hivyo nacheka nao," anasema. "Lakini linaniuma. Ni kama kumwita mtu bwana harusi wakati harusi ilivunjika."

Atupele ni mtoto wa kwanza wa mzee Ambilikile, mkulima wa chai na ndizi ambaye siku zote amefuga ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba. Binti alisomea mifugo ngazi ya cheti, akakaa mtaani bila ajira. Alipopata habari kwamba Japani wanatafuta vijana wa kufanya kazi mashambani, alikwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake, akasoma Kijapani mwaka mzima, akafaulu mtihani wa lugha na ule wa ufugaji.

Shamba alilopangiwa lilikuwa la mzee Hasebe na mkewe, Bi Fumie, wote wakiwa na zaidi ya miaka sabini. Walikuwa na ng'ombe themanini na hawakujaliwa mtoto.

"Wiki ya kwanza nilidhani wamenikasirikia," anakumbuka. "Sisi huku salamu ni habari ndefu. Umeamkaje, watoto, mgonjwa wenu, ng'ombe amezaa? Kule mtu anainamisha kichwa, amemaliza."

Siku yake ilianza gizani. Alikoroga maziwa ya ndama, akafunga mashine za kukamulia, akasukuma samadi iliyoganda kwa baridi. Jioni alirudia yote. Baridi ya Tukuyu, ambayo wageni kutoka Dar huilalamikia, aliiona kuwa mzaha mbele ya theluji iliyofika kiunoni.

Kazi hakuiogopa. Mambo madogo ndiyo yaliyomtoa machozi. Kule taka hazitupwi ovyo, plastiki zina siku yake na chupa zina siku yake. Asubuhi moja aliukuta mfuko wake wa taka umerudishwa mlangoni, na karatasi iliyobandikwa juu yake hakuweza kuisoma.

"Nilijisikia kama mwizi," anasema. "Bi Fumie akaja. Akakaa chini sakafuni na mimi, tukazichambua taka zangu moja moja mpaka tukamaliza."

Kanisa la karibu lilikuwa mbali kwa baiskeli, hivyo Jumapili aliimba bandani nyimbo za kwaya za Kinyakyusa, akiwaimbia ng'ombe. Mzee Hasebe, mtu mkali asiyependa mlango uachwe wazi hata kidogo, alipita pale kama hasikii. Kisha siku moja Atupele alikuwa na homa ya kukumbuka nyumbani, akakamua kimya. Mzee akachungulia na kuuliza, "Leo hakuna wimbo?"

"Hapo ndipo nilipojua alikuwa ananisikiliza siku zote."

Kwa mwezi, baada ya kodi na chumba, alibakiwa na fedha zinazokaribia shilingi milioni mbili. Leo hapa kituoni analipwa laki mbili na nusu. Ukimuuliza kama hicho ndicho anachokijutia, anatikisa kichwa.

Vuli ya mwaka wake wa tatu, mzee Hasebe alimpeleka hadi mwisho wa malisho. Alimwambia kwamba yeye na mkewe wanachoka, na wakichoka kabisa banda litafungwa, maana hakuna wa kulirithi. Lakini kama Atupele angefanya mtihani wa ngazi ya juu na kubaki, lisingefungwa.

"Akaniomba nisimjibu haraka. Nilikuwa na jibu tayari, ila nilitaka kumwambia baba kwanza, ana kwa ana, nikija likizo."

Hakupata nafasi ya kumwambia. Mwezi wa pili mama yake alipiga simu: mzee Ambilikile ameanguka shambani kwenye chai, amepata kiharusi, hasemi.

Atupele alikuwa jikoni kwa Bi Fumie. Alipiga kelele kwenye simu, "Yuko hai? Mama, yuko hai?" Kwa Kijapani, neno "hai" maana yake ni ndiyo. Bi Fumie alimsikia akisema hai, hai, akadhani ni habari njema, akatabasamu na kuendelea kumenya viazi.

"Nilimtazama anavyotabasamu, nikashindwa hata kumweleza. Maneno yote ya Kijapani yalinitoka."

Walipoelewa, wazee wale walimpa ruhusa siku hiyo hiyo. Mzee Hasebe alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Kibali chake cha kuishi Japani kilikuwa kinaisha katikati ya mwezi wa nne, na maombi ya kukiongeza hufanywa na mtu akiwa ndani ya nchi. Likizo ilikuwa ya wiki tatu, kwa hiyo muda ulitosha.

Hospitalini Tukuyu alimkuta baba yake upande mmoja wa mwili umelala na kinywa kimekwenda upande. Alimwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Zilipobaki siku chache asafiri, aliketi kitandani kumuaga.

"Nikamwambia, tata, naondoka kesho kutwa. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Akaukaza, akautikisa sana, machozi yanamtoka. Mama akasema, umemwona baba yako? Hataki uende."

Atupele akalia naye. "Siendi, tata," akamwambia.

Alisogeza tarehe ya tiketi mara ya kwanza, kisha ya pili. Mzee Hasebe alipiga simu kutoka Hokkaido kumkumbusha kuhusu kibali. Atupele alimjibu, "Wiki ijayo." Mzee akasema ameelewa, akakata. Hajaisikia tena sauti yake ikimsemesha.

Mwezi wa nne ukapita. Baba akarudishwa nyumbani, akaanza kukaa, kisha kusimama kwa fimbo. Mwezi wa saba maneno yakaanza kurudi, moja moja. Jioni moja barazani alimuuliza binti yake anarudi lini kazini.

"Sirudi, tata. Muda umekwisha. Si ulinizuia?"

Mzee Ambilikile anasimulia hayo akiwa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yake. Ulimi wake bado ni mzito, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyakyusa.

"Sikumzuia, mwana gwangu huyu," anasema. "Nilikuwa namwambia nenda. Kinywa kimefungwa, nina mkono tu. Niliutikisa niseme nenda, nenda, mimi nitapona. Wao wakaona nasema baki." Anautazama mkono huo. "Hata kulia kwangu kulikuwa kwa kumuaga."

Mkewe, Tulia, aliyeketi mkekani karibu yake, anageuza uso. "Mimi ndiye niliyelisema lile neno," ananong'ona. "Ningenyamaza, pengine mtoto angeelewa mwenyewe."

Atupele anasema hamlaumu yeyote. Angemwacha baba katika hali ile, huenda leo angekuwa analia kwa sababu nyingine. Lakini anakiri kwamba kuna siku anakwenda kulala akiwa amekasirika, na hajui amemkasirikia nani.

Mwezi wa kumi Bi Fumie alipiga simu ya video. Mzee Hasebe alikuwa ameumia mgongo akisukuma samadi peke yake. Kijana mwingine wa kazi hakupatikana kwa wakati. Malori yalikuja asubuhi moja yakawachukua ng'ombe wote, na mzee akasimama barabarani mpaka lori la mwisho lilipopotea.

"Akaigeuza simu nione banda," anasema Atupele. "Jeupe, safi kabisa, halina kitu. Niliwajua wote kwa majina wale ng'ombe. Nikamuuliza, mzee yuko wapi? Akasema yuko ndani, amechoka."

Tangu hapo huzungumza na Bi Fumie kila Jumapili baada ya ibada. Kila mara humwomba amsalimie mzee, na kila mara Bi Fumie huisogeza simu kuelekea chumba cha pili.

"Nasikia televisheni. Nasikia anakohoa. Nasema, mzee, ni mimi Atupele, habari za kutwa? Hajibu. Wala hatoki mle chumbani. Anakaa ananisikiliza tu."

Saa tatu, gari la kubebea maziwa kwenda Tukuyu limekwisha kuondoka na Atupele anaosha keni nyuma ya kituo. Mwezi ujao atakwenda Dar es Salaam kukutana na watu wa shamba jingine la Hokkaido, la ng'ombe mia tatu, lenye vijana wa mataifa mbalimbali. Wakimkubali, ataomba upya kibali. Baba yake ameuza mkungu baada ya mkungu wa ndizi ili nauli ya Dar ipatikane, na hataki kuulizwa habari hiyo.

Shamba hilo liko mwendo wa saa nne kwa treni kutoka kwa akina Hasebe. Amekwisha kutazama ratiba.

"Nitaanzia kwao kabla sijaripoti kazini," anasema, akiinamisha keni ya mwisho ichuruzike maji. "Najua hakuna ng'ombe. Sitaki kitu. Nataka nimwambie jibu langu la ile siku ya malisho, ajue kwamba lilikuwa ndiyo. Asipotoka, nitalisema nikiwa mlangoni."