Mpira wa Kusikilizia

Jiko langu la gesi lina plet mbili, na kila ninapoziwasha zote nasimama kidogo kuzisikiliza. Moja hufoka kwa nguvu kuliko nyingine. Basi naigeuza taratibu mpaka zifoke sawa, ndipo naweka sufuria. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anapika kwa masikio. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba sauti ile inanirudisha Mtendeni, Tabora, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, na kwamba wivu niliokuwa nao nikiwa msichana wa miaka kumi bado unaijua njia ya kunipanda kooni.

Kibanda hicho kilikuwa gereji ya baba yangu, Fundi Sefu. Ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya reli, akigonga kwa nyundo ribiti, zile pini za chuma za maboila ya garimoshi, kutwa nzima. Baadaye akaacha, akafungua gereji yake, na sifa yake ikaenea mpaka Nzega na Igunga. Magari yaliyowashinda wengine yaliletwa kwake yakivutwa na yakaondoka yakinguruma.

Nyumba yetu ilikuwa ya wake wawili. Mama yangu alikaa vyumba vya upande wa barabara, mama mdogo vyumba vya upande wa uani. Mimi na Zuhura, binti wa mama mdogo, tulizaliwa tukipishana wiki tatu, mimi nikitangulia, na mtaa ukatubatiza Kulwa na Doto. Kwa Wanyamwezi hayo ni majina ya mapacha, Kulwa wa kwanza na Doto wa pili, ingawa sisi kila mmoja alikuwa na tumbo lake alikotoka. Mpaka leo ukiniita Mwamvua barabarani huenda nisigeuke.

Baba alikuwa mtu wa haki mpaka ikachosha. Akinunua kanga, ni doti mbili za robota moja. Akileta nyama, inakatwa mbele ya wake wote wawili. Zilikuwa siku za foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, na kilo ikipatikana iligawanywa kwa kikombe, na kikombe kikapanguswa juu kwa kisu ili upande wa barabara usizidi upande wa uani hata kwa punje. Kwa hiyo mimi na Doto hatukuwa na cha kuoneana wivu. Viatu sawa, madaftari sawa, hata viboko sawa. Ilibidi nikitafute cha kuonea wivu, na nilikipata mwaka ule lilipokuja gari la Hilali.

Hilali alikuwa kijana muuza vitambaa, na alikuwa akikaribia kuoa. Gari alilipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akilima tumbaku upande wa Urambo, ambaye alirudi kwao baada ya mashamba kutaifishwa. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, fupi, halina paa, na lina viti viwili tu. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuliangalia. Akalizunguka mara mbili, akauliza viti vingine viko wapi. Baba akamwambia ndiyo hivyo hivyo lilivyotoka kiwandani. Balozi akaguna, akasema gari la namna hii haliwezi kujenga ujamaa, kisha akaomba akalie kiti kimoja kidogo.

Hilali alitaka kumchukua bibi harusi kwao Kwihara kwa gari hilo, Jumamosi. Jumapili isingewezekana, maana mchana magari yalikatazwa kutembea ili kubana mafuta. Lakini gari lilikuwa likitetemeka na kuzimika ovyo, kwa sababu lilikuwa na kabureta mbili na hazikuelewana. Kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini, na magari mengi yanayo moja. Zikiwa mbili, kila moja inalisha nusu ya injini, na zisipovuta hewa sawa, gari linakohoa. Likienda kasi linaweza kuvumilia. Likienda polepole linazimika.

"Kabureta mbili ni kama wake wawili," baba aliwaambia wateja. "Moja ikivuta zaidi, nyumba nzima inatikisika."

Wateja walicheka. Mama zangu wawili, waliokuwa wakisikia kutoka uani, hawakucheka, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki ile.

Dawa yake ilikuwa kipande cha bomba la mpira mweusi, urefu wa mkono, kilichonuka petroli. Ncha moja unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, na unasikia hewa ikiingia, fuuu. Unahamia kwenye kabureta ya pili, fuuu. Kisha unageuza skrubu ndogo kwa bisibisi, unaongeza hapa, unapunguza pale, mpaka pumzi zote mbili zilingane. Mpira huo baba alimpa Doto.

Hakuniambia kwa nini. Alisema tu, "Doto, njoo usikilize," na Doto akachuchumaa upande wake wa kulia, akafumba macho, mpira sikioni, akawa anainua kidole juu au kukishusha chini. Baba aligeuza skrubu akikitazama kidole hicho kwa makini kuliko alivyowahi kunitazama mimi. Nilisimama mlangoni nikiwaona. Nilimtangulia Doto wiki tatu duniani, naye ndiye aliyeitwa.

"Baba, na mimi nisikilize," nilimwambia siku ya pili.

"Wewe nihesabie spana zangu," akajibu.

Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na nne, na nilizichukia zote. Kuanzia hapo nikaanza kuweka hesabu nyingine moyoni. Mara nyingi nilimsalimu baba akiwa amenipa ubavu, nikasema shikamoo, asiitike. Niliiweka. Mara nyingi nilimwita kwa nyuma asigeuke, lakini Doto akimgusa bega anageuka. Niliiweka hiyo nayo. Usiku nililala nikinusa vidole vya Doto, maana tulilala kitanda kimoja, na vilinuka petroli, na niliona hiyo ndiyo harufu ya mtoto anayependwa.

Mama aliniona nilivyokuwa. "Achana nao," aliniambia huku akitwanga kisamvu. "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda." Yeye mwenyewe alikuwa amekonda.

Ijumaa kazi ikaisha. Baba alivaa kanzu, akaenda msikitini, akaacha boneti wazi injini ipoe. Doto aliitwa na mama yake kupepeta unga. Nikaingia gereji peke yangu. Nilijua skrubu ni ipi, kwa sababu siku tatu nilikuwa nimeitazama kutoka mlangoni bila kupepesa. Nilichukua bisibisi. Nilitaka tu gari likohoe kidogo, baba aseme Doto hakusikia vizuri, mpira uje kwangu. Nililegeza robo mzunguko. Robo nikaiona haba. Nikalegeza mpaka nusu, nikarudisha bisibisi mahali pake, nikaenda kunawa mikono mara mbili.

Alasiri Hilali akaja. Baba akafunga boneti, Hilali akavuta choki ya kuwashia, akakanyaga mafuta, likawaka, akaondoka kwa kasi akipiga honi mtaa mzima. Mimi na Doto tulikuwa kisimani.

Jumamosi tulikwenda Kwihara kwenye lori, wanawake, watoto na masufuria ya pilau. Hilali alitangulia na gari lake, akaenda mbio na likamfikisha salama. Taabu ilikuja wakati wa kumtoa bibi harusi. Ngoma ilikaa mbele, akina mama wakicheza, na gari likapaswa kwenda mwendo wa wachezaji, kwenye mchanga wa njia ile ya zamani ya misafara. Lilizimika kabla hatujaipita nyumba ya tatu. Likawashwa. Likazimika tena. Mara ya nne petroli ilinuka mpaka bibi harusi akafunika pua kwa shela.

Baba alishuka kutoka kwenye lori, akafungua boneti, akatoa mpira mfukoni mwa koti. Aliomba ngoma inyamaze, ikanyamaza, lakini watu mia hawanyamazi wakanyamaza kweli. Akauweka mpira sikio la kushoto. Akauhamishia la kulia, akaurudisha la kushoto. Kisha akainua macho juu ya vichwa vya watu, akatazama lori. Doto alikuwa tayari ameshapitisha mguu mmoja nje ashuke. Baba alimtazama kitambo, akawatazama na wazee wa bibi harusi waliomzunguka, akatikisa kichwa. Doto akarudisha mguu. Baba akaukunja mpira, akautia mfukoni.

Betri ilipokwisha, bibi harusi alihamishiwa kwenye lori, akakaa katikati ya masufuria na hina yake. Gari likafungwa kamba nyuma ya lori, na baba akaingia kushika usukani. Hivyo ndivyo tulivyoingia Tabora, fundi aliyejulikana mpaka Igunga akivutwa kwa kamba mbele ya mji mzima, ametazama mbele tu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya lori. Tulikuwa uso kwa uso njia nzima, na ndiyo mara ya kwanza nilipata kutazamana naye kwa muda mrefu hivyo.

Bado, nisiwafiche, nilikuwa nangoja Doto agombezwe. Jioni Hilali alikuja, si kwa ugomvi, alikuwa kijana mwenye adabu. "Fundi," alisema, "nasikia anayekusikilizia ni huyu mtoto. Au yeye ndiye aliyekosea?"

"Mtoto alisikia sawa," baba akajibu. "Niliyekosea ni mimi."

Nikaumia upya. Niliona hata katika aibu ile anamkinga Doto. Mpira ulitundikwa kwenye msumari baada ya gari kutengenezwa, na haukuja kwangu wala haukurudi kwa Doto. Baba aliacha kupokea magari ya kabureta mbili, halafu akaacha magari yote, akabaki na baiskeli. Baiskeli haina cha kusikiliza, alikuwa akisema, na watu wakadhani ni utani wa mzee. Alikufa nikiwa nimeshaolewa, na sikuwahi kumwambia neno.

Mwaka juzi mama mdogo alifariki. Siku moja kabla ya hitima, mimi na Doto tulikaa uani tukichambua mchele, vikongwe viwili na ungo mmoja. Nilimwambia, kwa mzaha wa watu waliokwisha kuzeeka, kwamba baba alimpenda yeye zaidi.

"Baba alikuwa kiziwi," Doto akasema.

"Uzeeni."

"Si uzeeni. Sikio la kulia liliishia kule reli, kwenye maboila, sisi hatujazaliwa. La kushoto lilikuwa nusu. Alinihitaji nimsikilizie, na nikaapishwa nisimwambie mtu, hata mama."

Nilisimamisha mikono. "Kwa nini wewe, si mimi?"

"Alisema, Kulwa nampenda, ila mdomo wake hauna mlango. Nikimwambia asubuhi, adhuhuri Tabora nzima inajua fundi hasikii."

Nilitaka kubisha, lakini mtu aliyenifahamu hawezi kuambiwa uongo huo. Doto akaendelea, macho kwenye mchele.

"Ijumaa ile nilimwambia zimelingana. Akachukua mpira, akasikiliza mwenyewe, akagusa skrubu kidogo tu. Akacheka. Akasema, Doto, hata mimi bado nasikia. Hakunirudishia mpira. Gari liliposhindwa kule Kwihara akaniambia ni mguso wake ule umeharibu, na sikio lake halikujua. Tangu hapo hakuliamini tena. Na mimi najilaumu mpaka leo, dada. Ningemwomba tu mpira nisikilize mara ya mwisho."

Miaka hamsini alikuwa amebeba hilo. Nilimwambia palepale, bila kupamba, kuhusu swala ya Ijumaa na bisibisi. Doto hakupiga kelele. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Ulilegeza kiasi gani?"

"Nusu mzunguko. Robo niliiona haba."

"Kwa robo, gari lingefika Mtendeni," akasema. Akapeta ungo mara moja, akausimamisha. "Kwa hiyo mguso wake ulikuwa sawa."

Tukachambua mchele mpaka ukaisha.

Nilidhani nampokonya Doto mpira. Kumbe niliyempokonya ni baba, na nilichompokonya ni sikio lake, lile nusu alilobakiwa nalo. Ijumaa ile alisikia vizuri. Duniani nilikuwa mtu mmoja tu niliyeweza kumwambia hilo, mimi mwenye mdomo usio na mlango, na ndilo jambo pekee nililowahi kulinyamazia.