Jamaa wa Koti na Sheria ya Kaha

Owiti alikuwa ameanguka tena. Si yeye mwenyewe, ni mtu wake wa kwenye skrini, jamaa wa koti refu jeusi aliyetoka jela kumtafuta aliyemsaliti ndugu yake. Lakini padi ya kuchezea ikiwa mkononi mwako, nani anaona tofauti? Jamaa wa Koti alilala kifudifudi nje ya baa, mvua ikimnyeshea mgongoni, na wahuni waliomwangusha wakaondoka wakicheka. Ndani ya chumba cha gemu cha Kaha, kule Section Three, Eastleigh, benchi nzima ikapaza sauti pamoja.

"Pisha!"

"Nipishe nini? Si mmeona nilikuwa namaliza?"

"Ulikuwa unamaliziwa, bingwa," akasema Shiundu, mkono ameshaunyoosha apewe padi.

Sheria ya Kaha iliandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kama za mlango wa choo: UKIANGUSHWA, PISHA. Ilianzia kwenye gemu za mpira. Watu wawili wanacheza mechi, anayefungwa anatoka, anayefuata kwenye foleni anaingia, maneno yameisha. Kwa mpira ni sheria nzuri, hakuna anayebisha. Lakini hii haikuwa mpira, jamani! Hii ilikuwa gemu ya hadithi, yenye mwanzo na katikati na mwisho, gemu ya mtu mmoja kukaa na kufuatilia habari moja hadi ijulikane nani alimuuza nani. Na Kaha, kwa ule ukaidi wake, akaibandika sheria ile ile ya mpira.

"Nikimwachia mtu mmoja kiti wiki nzima, hawa wengine niwauzie hewa?" alisema Kaha. "Sikia, waria, ukiangushwa unapisha. Wewe ni nani?"

Swali lenyewe lilimuuma Owiti, kwa sababu alijiona ni mtu. Mchana alipanga makatoni katika ghala la sabuni Industrial Area, sawa, hilo ni jambo la tumbo. Lakini zamani alikuwa bondia wa mtaa, wa kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa Kaloleni hadi shati linakamuliwa, na pua yake iliyopinda upande wa kushoto ilikuwa cheti tosha. Na kila Jumamosi adhuhuri aliketi katika redio ndogo ya mtaa, ghorofani juu ya duka la magodoro, akichambua gemu mpya kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwisho wa uchambuzi alitoa hukumu: "Nunua," au "Azima," au "Pita nayo mbali." Vijana wa Mathare mpaka Kayole walikuwa wakingoja hilo neno la mwisho.

Basi kiti hicho cha redio kilikuwa kinatikisika. Mwezi uliopita alichambua gemu moja bila kuimaliza. Akamsifu daktari wa ndani ya hiyo gemu, akasema huyo ndiye binadamu pekee mwenye roho safi. Kumbe daktari ndiye muuaji! Simu zilipigwa hadi mitambo ikapata moto. Watu wakamcheka sokoni, wakamcheka ghalani, hata mama wa mandazi akamuuliza daktari hajambo. Maurine, anayeendesha kipindi, hakucheka hata kidogo.

"Jumamosi hii uje na mwisho," alimwambia. "Sitaki kusikia ulifika nusu. Ukija bila mwisho, kiti kina mwenyewe mwingine."

Ndiyo maana Owiti alikuwa kwa Kaha kila jioni, moja kwa moja kutoka ghalani, mikono bado inanuka sabuni, akimkimbiza Jamaa wa Koti kuelekea mwisho. Kila alipopiga hatua mbili aliangushwa, na kila alipoangushwa alipisha. Na wale aliowapisha, Mungu wangu, laiti wangekuwa watu wa kusukuma hadithi mbele!

Shiundu alikuwa mtu wa kuku. Ndani ya gemu ile kulikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba ya kupanga, na ukitaka unaweza kuwanunua, kuwalisha, kuwapa majina, kuwapeleka kwenye mashindano ya urembo. Nani aliyetengeneza gemu ya kulipiza kisasi akaona inahitaji kuku warembo? Shiundu hakujali. Mtu wa Kakamega huyo, kwa wapenda kuku, benchi ilimtania, umempa mji mzima wa kupigana ameona banda. Alipopata padi, Jamaa wa Koti aliacha damu yake palepale mbele ya baa, akatembea mtaa mzima, akaenda kumwaga mahindi.

Saado naye alikuwa wa chai. Aliuza vitambaa katika duka moja karibu na hapo, na mapumziko yake aliyamalizia kwa Kaha, kwenye kona, mkoba mapajani. Katika gemu kulikuwa na mkahawa uliotafuta mhudumu. Basi Saado akamwajiri Jamaa wa Koti. Yule mwanamume mzima, makovu usoni, akawa anabeba sinia, anakumbuka nani anataka sukari na nani hataki.

"Saado!" Owiti alilalamika. "Ndugu ya mtu ameuzwa, na wewe unapeleka chai?"

"Wateja wamengoja, Owiti. Ndugu yake yuko kaburini, ataenda wapi?"

Wengine waliimba kwenye baa, wengine walivua samaki, mmoja alikuwa na kazi ya kutafuta paka waliopotea na kazi nyingine hakuwa nayo. Na gemu yenyewe iliwapa sikio! Hilo ndilo lililomchemsha Owiti zaidi. Hata yeye mwenyewe alipokuwa amekaza roho, anamkimbilia msichana aliyetekwa, muziki umepanda, anatokea mzee pembeni ya njia anamsimamisha amsaidie kutafuta meno yake ya bandia. Meno! Na usipoyatafuta unaona vibaya, kwa sababu mzee analia. Hawa waliotengeneza gemu hii hawakulelewa wakafundishwa kumaliza sentensi.

Na bado, mkimbana ukutani, Owiti angekiri kwamba ngumi za gemu hiyo ni tamu. Jamaa wa Koti hakurusha mikono ovyo kama mlevi. Aligeuza kisigino kabla ya bega, akatupa ile ya kushoto fupi, akarudi nyuma na kidevu kimefichwa. Kuna mtu mahali alikaa ukumbini akatazama mabondia. Hiyo ndiyo iliyomkera: kitu kizuri namna hiyo, kimefukiwa chini ya kuku na sinia za chai.

Dawa ilikuwepo, na kila mtu alimwambia. Gemu ilikuwa na levo za ugumu, kuanzia ya watoto hadi ile ya juu kabisa ambayo adui akikugusa mara mbili umelala. Owiti aliiweka ya juu siku ya kwanza, mbele ya watu, kwa mbwembwe. Wale wengine, kuku na chai haviwaangushi, kwa hivyo levo haikuwahusu. Aliyekuwa akilambishwa sakafu ni yeye tu.

"Si ushushe levo, buda," Shiundu alimwambia. "Dakika moja tu. Utamaliza kesho."

"Nimesimama mbele ya watu wenye mikono ya kweli mimi. Nishushe levo mbele ya katuni?"

Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki nzima. Ijumaa jioni, kwa jasho na matusi ya chini chini, Owiti akafika darini, juu kabisa ya jengo. Adui wa mwisho alikuwa pale, mzee wa mvi aliyewafundisha wale ndugu wawili ndondi tangu wakiwa wadogo. Kumbe ndiye! Benchi ikashusha pumzi. Mzee akasema maneno yake, akasema akiangushwa atamwambia Jamaa wa Koti sababu. Basi kilichobaki ni kumwangusha.

Owiti alimchosha, akamsukuma hadi ukingoni, damu ya mzee ikabaki kidogo kama ya mbu. Halafu akapata tamaa. Akaingia bila kuficha kidevu, kosa alilofokewa na kocha wake wa Kaloleni miaka yote. Mzee akamgusa. Akamgusa tena.

"Pisha!"

Anayefuata alikuwa Saado. Owiti karibu apige magoti. "Dada yangu, nakuomba. Mzee amebaki pumzi moja. Mpige kofi tu, lolote, nisikie hiyo sababu niende nyumbani."

"Lakini mimi sipigani," Saado alisema, na kweli hakuwahi kupigana hata siku moja. Akachungulia skrini. "Na kuna mvua. Shiundu, kuku umewafungia?"

"Lo! Sijawafungia."

Na mbele ya macho ya Owiti, Jamaa wa Koti akaamka, akampa mgongo aliyemuua ndugu yake, akashuka ngazi zote akaenda kufunga banda. Gemu ikasevu, ikahifadhi mambo yalipofikia hapo. Stima ikapotea. Eastleigh yote ikaingia giza, majenereta ya maduka yakaanza kunguruma, na Kaha akasema tumefunga. Owiti alikaa pale gizani ameshika kichwa, na sitayarudia hapa aliyoyasema kuhusu kuku.

Jumamosi adhuhuri alipanda ngazi za redio bila mwisho. Alijua angepaswa kumpigia Maurine simu amwambie ukweli, lakini alijidanganya kwamba maneno yatamtoa. Maurine hakumpa hata nafasi ya kusalimia wasikilizaji.

"Owiti, gemu umemaliza?"

"Sijamaliza," akasema. Na hapo hasira ya wiki nzima ikamtoka. Akaeleza meno ya bandia. Akaeleza paka. Akaeleza mwanamume mwenye kisasi anayekumbuka nani hataki sukari. Akasema gemu hii ina ngumi bora kuliko zote alizowahi kushika, na ina adabu mbaya kuliko zote, kwa sababu haimruhusu mtu afanye alilokuja kufanya. "Nimefika kwa muuaji," alipaza sauti, "nimebakisha pigo moja, mtu ameshuka kufunga kuku!"

Maurine alikuwa amefunika mdomo, hakujulikana kama anacheka au anatafuta maneno ya kumfukuza. Simu zikaanza kuwaka. Ya kwanza waliyoifungulia ilikuwa sauti ya kike, tulivu, na Owiti akaitambua kabla haijataja jina.

"Ni Saado, wa Section Three. Salaam aleikum nyote. Owiti, nimekuonea huruma jana. Nilijua leo unahitaji mwisho, basi asubuhi nimepitia kwa Kaha kabla ya kufungua duka, nikakumalizia."

"Umemaliza? Wewe?" Owiti aliinuka kitini. "Kwani si ulisema hupigani?"

"Sipigani. Nilishusha levo tu, ile ya watoto. Yule mzee amelala hata sijajua kifungo cha ngumi ni kipi. Ni rahisi, wallahi, sijui kwa nini ulikuwa unateseka." Na hakusema kwa ubaya, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Basi nikwambie sababu aliyotoa? Nimeisikiliza vizuri ili uwaambie watu wako."

Mathare inasikiliza. Kayole inasikiliza. Ghala zima la sabuni, lenye redio juu ya kabati la msimamizi, linasikiliza. Maurine alikuwa akimpungia mikono yote miwili: mwache aseme, mwache aseme! Mwisho ulikuwa umeletwa mpaka mlangoni, na kiti chake pamoja nao. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha.

Owiti akanyoosha mkono akakata simu.

Maurine akaweka wimbo haraka haraka. "Wewe una akili kweli? Huo si ndio mwisho uliotaka?"

"Huo ni wa Saado," Owiti alisema. "Sikufanya kazi wiki nzima nije kuambiwa kwa simu kama umbea."

Maurine akatazama taa za simu, zote bado zinawaka. "Hizo ndizo zinakuokoa leo," akasema. "Jumamosi ijayo uje nao, umeupata kwa mikono yako. Usipokuja nao usipande zile ngazi."

Alitoka pale akaenda Section Three kwa miguu, akijisemea peke yake njia nzima. Kwa Kaha foleni ilikuwa imefika nje, nusu yake watu ambao hajawahi kuwaona, wamesikia redioni wakaja kuangalia hao kuku. Alipoingia, chumba kikalipuka kicheko. Mmoja akamuuliza kama anahitaji msaada wa Saado. Owiti akatoka tena nje. Alisimama nyuma ya mtu wa mwisho kama mgeni, akangoja, na kila aliyeketi alipita mkahawani, akapita kwa paka, na hakuna hata mmoja aliyeangushwa haraka.

Hatimaye kiti kikawa chake. Kaha akafungua gemu mahali ilipohifadhiwa kabla ya pambano la darini, kwa sababu Saado alikuwa amemwambia asipafute. Jamaa wa Koti akasimama chini ya ngazi, koti linachuruzika maji.

"Haya, bingwa," Kaha akasema. "Kama kawaida yako?"

Owiti aliitazama padi. Nyuma yake benchi yote ilikuwa imeinama mbele.

"Shusha," akasema.

"Sikusikia."

"Nimesema shusha levo, bwana! Shusha! Mnataka niimbe?"

Hakuna aliyecheka. Kaha akashusha, akarudi nyuma. Owiti akaweka vidole tayari, akamwelekeza Jamaa wa Koti kwenye ngazi, na hapo Shiundu akakohoa taratibu pembeni yake.

"Buda, samahani. Kuku hawajala tangu asubuhi."

Owiti alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa ile pua yake iliyopinda. Kisha akamgeuza Jamaa wa Koti, akaenda kumwaga mahindi.