Spika Zilizojua Siku ya Kufa

Krrrr... pwaa. Krrrr... pwaa.

Nilisikia kabla sijafumbua macho. Nikadhani chura ameingia kwenye debe.

Nikasikiliza vizuri. Yule chura alikuwa anaghani shairi langu.

Ni hivi, jamani. Kila asubuhi kompyuta yangu huniamsha kwa sauti yangu mwenyewe, nikighani beti zangu mwenyewe. Mtu mwenye kipaji haamshwi na jogoo wa jirani. Vina na mizani sikufundishwa na mtu, nilijifunza peke yangu. Majivuno pia nilijifunza peke yangu, kabla hujauliza.

Sasa asubuhi hiyo spika zangu, zile nyeusi zenye kitambaa mbele, zilikuwa zinakoroma. Ya kushoto imekufa kabisa. Ya kulia inakata roho.

Na waranti iliisha lini?

Jana.

Jana, ndugu zangu! Mwaka mzima zinanguruma kama simba, waranti inafumba macho, nazo zinaifuata. Mapenzi gani hayo?

Lakini sikuumia kwa ajili yangu. Niliumia kwa ajili ya Bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake. Siku hizi macho yamefifia, anashona kwa mkono, kwa kupapasa. Kusoma hawezi tena. Mashairi yangu anayapata kwa masikio tu. Nami, mjukuu mwema kuliko wajukuu wote duniani, nikanunua spika, nikazielekeza kwenye ukuta wa sebuleni anapokaa. Narekodi, nafunga mlango, spika zinamwimbia.

Mapenzi ya kisasa.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Miezi ya mwanzo spika zilinyamaza ghafla, na kwa kuwa waranti ilikuwa hai, nikabadilishiwa. Nikapewa kubwa zaidi, na waranti mpya ya mwaka. Tangu hapo Bibi akawa ananiuliza, "Mjukuu wangu, hiyo waranti yako inakufa lini?"

Nami namtajia. Nikajua anazihurumia spika.

Basi asubuhi hiyo nikamkuta sebuleni, sindano mkononi.

"Bibi, spika zimeharibika."

"Aah, masikini! Na ile waranti?"

"Imeisha jana."

"Kumbe. Basi tena, mjukuu wangu. Hakuna marefu yasiyo na ncha."

Akarudi kwenye kifungo chake, akainamisha kichwa. Uchungu wake ulinikata maini. Nikabeba spika kwapani, nikaapa kuna mtu atanitambua leo.

Duka nilikozinunua lilikuwa limejaa. Mwenye duka tunamwita Bwana Hakirudi, kwa sababu ya bango lake ukutani: KILICHOUZWA HAKIRUDI. Bisibisi huwa ameipachika sikioni kama kalamu.

"Kijana, waranti imeisha," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Najua imeisha! Spika zako zimejuaje?"

"Mimi naziuza tu, sizifundishi kalenda."

Watu wakacheka. Hapo alikuwa amechokoza nyuki. Nikapanda juu ya stuli yake, nikaghani:

*Muuza spika sikia, spika zako zina shani,*
*Mwaka mzima zalia, kwa raha na kwa amani,*
*Waranti ikiishia, nazo zaenda shimoni,*
*Nani alozitajia, siku ya kufa ni gani?*

Makofi! Mama mmoja aliyekuwa analipia chaja akairudisha mezani.

"Na hii nayo inajua tarehe?"

Bwana Hakirudi akavimba kama andazi kwenye mafuta. "Lete hapa! Nafungua mbele ya mashahidi. Nikikuta kosa la kiwanda, nakupa mpya, waranti au bila waranti. Nikikuta kosa la kwenu, unashuka kwenye stuli yangu."

"Fungua!"

Akafungua moja. Akaigeuza. Akawasha tochi ya simu. Kisha akaanza kutabasamu, na mimi simpendi mtu anayetabasamu ninapoelekea kushinda.

"Mshairi, njoo uone. Karatasi ya ndani imetobolewa. Vitundu vitundu, kama chujio la chai."

"Si nilisema? Kiwanda kibovu!"

"Ngoja kwanza. Kitambaa cha mbele kimefumuliwa, kikashonwa tena. Kwa mkono." Akaniangalia. "Kiwanda gani kinashona spika kwa mkono?"

Nikainama. Mshono ulikuwa mzuri, huuoni mpaka uambiwe. Umelala upande kidogo, na mwisho wake kifundo kimezungushwa kama sikio la panya. Uzi ulikuwa wa bluu iliyoiva, juu ya kitambaa cheusi. Mwenye macho mazima angechagua mweusi.

Nikatazama mfuko wa shati langu, uliochanika wiki iliyopita ukashonwa.

Bluu iliyoiva. Umelala upande. Sikio la panya.

Yule mama wa chaja akachungulia shati, akachungulia spika.

"He! Mnashonewa na fundi mmoja?"

Nilishuka kwenye stuli bila kuambiwa.

Nyumbani sikuzunguka. "Bibi, ni wewe?"

Akakata uzi kwa meno. "Ni mimi. Na zile za kwanza pia ni mimi. Nilivuta waya tu, kumbe waranti iko hai, wakakuletea nyingine zenye sauti ya kufufua maiti! Nikajifunza. Safari hii nikaiacha ife kwanza, ndipo nikaingia na sindano yangu usiku ukiwa umelala."

Nani alozitajia?

Mimi. Kwa mdomo wangu huu huu.

"Lakini Bibi, si ulikuwa unayapenda mashairi yangu?"

"Zamani ulikuwa unakaa hapo." Akaonyesha kigoda kwa sindano. "Unasoma, nakwambia kina kimepinda, unabisha, tunagombana mpaka chai inapoa. Sasa unafunga mlango, unaniachia sanduku. Nikiliambia limekosea, linaendelea tu. Wewe pamoja na kiburi chako, angalau unanyamaza ili upumue."

Nikakivuta kile kigoda.

"Haya, lete ubeti wa leo," akasema.

"Upi?"

"Mdomo huo uende dukani urudi bila kumtukana mtu kwa vina? Lete."

Nikakaa kwenye kigoda, nikaghani. Sindano ikasimama hewani mpaka nilipomaliza.

"Mstari wa pili dhaifu," akasema. "'Kwa raha na kwa amani.' Nyumba hii ilikuwa na amani gani?"

Nikabisha. Naye akabisha. Chai ikapoa.

Funzo, wapendwa: kabla hujampandia mtu kwenye stuli yake, kagua kwanza mishono ya nyumbani kwako. Na kitu kikikuharibikia mara kwa mara, usiulize tu nani amekitengeneza. Uliza pia kinamkera nani.

Simu yangu ikalia mfukoni. Bibi akageuza kichwa polepole.

"Na hiyo nayo, waranti yake inakufa lini?"

Nikaizima hapo hapo.

"Bibi, nakuahidi," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Kila jioni nitakaa hapa, mlango wazi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukisema kina kimepinda nitabisha, halafu nitakinyoosha. Na kesho nampelekea Bwana Hakirudi ubeti wa kumwomba radhi, nitaughani nimesimama chini, si juu ya stuli. Ila hiyo sindano, Bibi wangu, iweke chini kwanza."