Vijiwe Thelathini na Vitatu vya Bi Mwanamkasi

Mahfoudh, fundi feni wa mtaa wa Amani, alikuwa na mashine ambayo mkewe Salhiya aliiita "mgeni wako," maana ilikaa ukumbini na haikujua kuaga. Ilikuwa ndoo ya rangi iliyolazwa ubavu, ndani imevikwa mpira wa tairi, inazungushwa na mota aliyoichomoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Humo alitia mawe ya ufukweni, maji na unga wa msasa, akaiacha ikinguruma kutwa kucha. Mawe yaliingia yamenuna, yakatoka yanang'aa, na mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe aliyachukua kutengenezea vidani.

Kazi hiyo aliianza vidole vilipochoka kusuka nyaya za mota za feni. Maji yakipwa, alipita ufukweni akiinama na kuinuka, akichagua mawe magumu meusi ambayo wazee walimwambia yalishushwa zamani na vyombo vilivyoyabeba kama farumi, uzito wa kutuliza chombo kisicho na shehena. Matumbawe hakuyagusa. Tumbawe ni laini. Ukilizungusha sana linayeyuka lote, ukabaki na maji meupe kama tui. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mtaani.

Saa hakuwa nayo. Saa yake ilikuwa kukatika kwa umeme, ambako mtaani kwao hakukukosekana hata siku moja. Umeme ukikatika, mashine husimama, na haiwaki tena mpaka swichi ibonyezwe. Basi Mahfoudh hufungua ndoo, akapapasa mawe, akaamua. Majirani wakilalamikia giza, yeye peke yake husema alhamdulillahi.

Mama yake Salhiya, Bi Mwanamkasi wa Chwaka, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Aliacha vijiwe thelathini na vitatu vya tumbawe, alivyoviokota mwenyewe pwani ya kwao angali mwari, akavihesabia uradi kila magharibi kwa miaka hamsini. Vilikuwa vimelainika kwa vidole vyake, vimegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka, na kimoja kilikuwa na kibonde kilichokaa sawasawa na dole gumba. Salhiya alivirithi pamoja na kikapu chake cha ukindu. Kila magharibi alikaa mkekani akivitoa kimoja kimoja huku machozi yanamtiririka, na Mahfoudh alimtazama kutoka mlangoni. Maisha yake yote alikuwa akiona kilichoharibika anatafuta bisibisi.

Hitima ya mwaka ilipokaribia, Salhiya alikwenda Chwaka siku nne kupanga na ndugu zake, akakiacha kikapu nyumbani asije akavipoteza vijiwe kwenye pirikapirika. Hapo Mahfoudh akapata fikira. Angevisugua kidogo tu, avitoboe, avitunge uzi, amkabidhi mkewe tasbihi ya mama yake. Akavitia ndooni peke yao, kwa maji na mchanga laini, bila msasa. Umeme ukikatika jioni, alijisemea, nitavitoa.

Mara simu ikalia: hoteli moja Nungwi, feni kumi na mbili zimekufa. Akafunga mlango, akaenda. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Siku ya tatu akampigia Gharib, jirani yake.

"Umeme umeshakatika mara ngapi huko?"

"Ah, sheikh, tunastarehe! Tangu ulipoondoka haujakatika hata dakika moja."

Alirudi na gari ya kwanza iliyopita.

Maji ya ndooni yalikuwa tui. Aliyachuja kwa chujio la chai, akavihesabu vijiwe. Vilikuwa thelathini na vitatu, hakikupotea hata kimoja, ila vyote vidogo kama kunde, vyeupe, vimefanana. Kibonde cha dole gumba hakikuwapo. Mahfoudh alikaa sakafuni akalia.

Salhiya aliporudi jioni, Mahfoudh alimnyooshea kiganja chenye vijiwe. Hakutafuta uongo.

"Nimeviharibu, Salhiya. Nilitaka kukufurahisha."

Salhiya alivipapasa kwa dole gumba akitafuta kibonde. "Mama kavishika miaka hamsini," alisema. "Wewe siku tatu tu ushamfuta."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga, Mahfoudh angepata nafuu. Salhiya alivifunga kwenye kitambaa, akavirudisha kikapuni, na kwa siku mbili hakusema naye ila kumwambia chakula tayari.

Siku ya tatu Mahfoudh alidamka kwenda Chwaka. Alitembea pwani mpaka mgongo ukakataa, akarudi na matumbawe thelathini na matatu, yenye ncha na makwaruzo, akayapanga mkekani mbele ya mkewe baada ya sala ya magharibi.

"Ntavisugua kwa mkono, pole pole. Mashineni havitiwi."

"Usivisugue. Viache vivyo hivyo."

"Vitakuumiza vidole."

"Viniumize. Hata yeye vilimuumiza kwanza." Alivihesabu, akajiwekea kumi na saba, vilivyobaki akavisukuma upande wa pili wa mkeka. "Hivyo vyako. Miaka hamsini mimi sina, Mahfoudh. Tukigawana, huenda tukafika."

Mahfoudh alivua viatu, akakaa mkekani, mahali ambapo mwaka mzima hakuthubutu kukaa. Akashika kijiwe cha kwanza. Kilimchoma dole gumba, naye hakukiachia.